Kihamba cha Uani

Ule ua ulikuwa jalala, tusidanganyane. Cherehani mbovu, mabati, vitambaa vilivyooza: kila karakana ya nguo iliyohama mtaa wa Kangle iliacha uchafu wake pale. Sia, mwanamke wa Kibosho anayenunua nguo Guangzhou na kuzituma nyumbani, aliupenda hapo hapo. Akahamia chumba cha chini chenye ukungu kwa sababu ya ua tu, na wenzake wakasema huyu sasa kapagawa.

Hawakujua alichokuwa anakilalia. Chini ya kitanda kulikuwa na kasha la majivu ya kaka yake, Protas. Alifia huku wakati wa korona, ndege zimefungwa, akachomwa moto. Mchaga kuchomwa moto, jamani! Kwao mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba inayoizunguka nyumba, walikolala babu zake. Mama yao alipoambiwa ataletewa majivu, aliwaka.

"Mimi nilizaa mtu, Sia. Sikuzaa majivu. Usiniletee mambo hayo hapa."

Tangu siku hiyo, Sia akigusia tu, simu inakatwa. Basi akaamua: kama Protas hapokelewi kihambani, kihamba kitamfuata huku huku. Aliona uchungu kumweka ndugu yake chini ya kitanda pamoja na viatu.

Mwenye nyumba, bibi wa Kichina ambaye wapangaji wote humwita Ayi, alisema apande anachotaka, ila asimchimbie ukuta. Kila akirudi kutoka soko la Zhongda kununua vitambaa, Sia alivaa mabuti na kuzoa takataka kidogo kidogo. Manyunyu ya mwisho wa baridi yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Chini ya takataka akakuta saruji, akaivunja kwa nyundo huku akilia kwa hasira. Udongo je? Mwaka mpya wa Kichina ulipopita, watu walitupa vichochoroni vyungu vya michungwa midogo ya bahati. Sia akavikokota kimoja kimoja na kuvimwaga uani. Ayi akampa machipukizi ya migomba. Isale, jani la makaburini kwao, alilikuta sokoni limefungwa utepe mwekundu wa sikukuu. Akautupa utepe.

Asubuhi moja ya ukungu akamzika. Aliogopa kufukia kasha: Ayi akilifukua, atamtupia virago nje, na Protas atatupwa naye. Kwa hiyo akayamwaga majivu shinani mwa mgomba, kama Mama anavyomwaga majivu ya jikoni, akayachanganya na udongo kwa jembe. Akasali Baba Yetu peke yake. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima.

Ilipokatika, akampigia Mama simu ya video, amwonyeshe tu kwamba mtoto amelazwa pazuri. Safari hii simu haikukatwa. Mama alitazama. Migomba mitatu, isale, na nyuma yake ukuta mweusi na kelele za cherehani za watu.

"Umepanda wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Maskini, umejitahidi." Sauti ikamkatika. Sia hakuwahi kumsikia akimlilia Protas. "Lakini hapo si kwetu, mwanangu. Atakaaje peke yake kwenye ukuta huo? Mlete. Nilikosea. Hata akiwa majivu, mlete nimzike."

Sia akautazama udongo. Ulikuwa mweusi wote, umelowa, hauonyeshi kitu.

"Lile kasha si unalo?" Mama akauliza.

Kasha lilikuwa dirishani. Tangu siku ya maziko alikuwa anaweka humo vibanio vya nguo.

"Ninalo, Mama."

"Lishike vizuri njiani. Usimpakie na mizigo."

"Sitampakia."

Simu ilipokatika, Sia akamwaga vibanio sakafuni. Akarudi uani, akapiga magoti, akaung'oa mgomba ule, na kwa mikono yake akaanza kujaza kasha udongo wa vyungu vilivyotupwa na watu asiowajua.