Maji ya Mzee Uledi

Mama mkwe wangu Jumwa alivuka mto Tana mdomo umefungwa kitambaa.

Si jino lililomuuma. Aliogopa tone la maji.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Padre alifika pande za Garsen kwa nadra, barabara zikikauka, na Misa siku hiyo ilikuwa ng'ambo, kwenye banda la mpunga. Enzi hizo anayetaka komunyo hali wala hanywi tangu usiku wa manane. Kwa Jumwa, hata kasia likikurushia tone mdomoni, umeshafungua.

Nami nina mimba kubwa, jua limepanda, ulimi mkavu kama gome.

Mtumbwini tulikuwa na Darmi, mama wa Kiorma anayeuza maziwa.

"Jumwa, Ramadhani bado. Wewe wafunga ya nani?"

Jumwa akamkazia macho tu.

Tuliposhuka, katekista Gershom akatupokea na mtungi.

"Papa amelegeza sheria. Maji matupu hayafunguzi tena. Kunyweni."

Darmi akacheka hadi kibuyu chake kikatikisika. "Kufunga huku wanywa maji? Huko si kufunga, ni kuchelewa kula."

Nikachota maji kwa kata. Jumwa akavuta kitambaa, akanidaka mkono.

"Weka chini."

"Mama, kiu itaniangusha."

"Sheria ya Mungu si Tana, mwaka huu ipite hapa, mwakani ihamie kule."

"Ni sheria ya kanisa, Mama Jumwa," Gershom akasema. "Kanisa lilifunga, kanisa limefungua."

Jumwa akazidi kunibana mkono. Nilidhani ni hasira.

"Gershom, wamkumbuka mzee Uledi?"

Ndiye baba mkwe wangu. Alikufa kabla sijaolewa.

"Asubuhi ile padre alikuwa njiani. Mzee akaomba maji. Nikamwambia vumilia, utakosa komunyo. Akaomba tena. Padre alimkuta ameshakata roho."

Akautazama mtungi.

"Leo waniambia maji si kitu. Basi mimi nilimnyima kwa ajili gani?"

Gershom akainamisha uso kwenye mtungi.

Darmi ndiye aliyesogea. Hakuwa anacheka tena. "Mpe sasa, dada."

Jumwa akachukua kata, akamimina kidogo mchangani, kama Wagiriama wanavyowapa waliotangulia, pale pale mlangoni pa Misa.

"Uledi, maji yako haya."

Yaliyobaki akanipa. "Kunywa, mwanangu."

Yeye hakunywa. Alipokea komunyo midomo imepasuka, akaendelea kufunga hivyo hivyo kila Misa hadi kufa kwake.

Ni baada ya maziko yake ndipo Gershom aliponiambia: mgonjwa wa kufa hakufungwa na sheria ile, hata zamani. Uledi angekunywa, na komunyo angepewa.

"Mbona hukumwambia?"

"Siku ile? Ningemwambia kwa mdomo gani?"

Wajukuu zangu mnaosoma huku mtandaoni, sheria ikibadilika msimcheke anayekawia kuiacha. Muulizeni kwanza ilimgharimu nini kuishika.