Niliipima prosesa kwenye baridi ya Mbinga, nikaihamishia Lipingo: yaliyonikuta

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaotaka kununua prosesa kubwa ya desktop kwa ajili ya ku-overclock, yaani kuipandisha mwendo kupita ule wa kiwandani. Sina duka na sijalipwa na mtu. Naandika kilichonitokea, na pale ambapo sielewi nitasema sielewi.

Kazi yangu ni kuhariri video: kwaya, harusi, vikundi vya ngoma. Kwetu ni Kigonsera ila studio nilipanga chumba Mbinga mjini. Mke wangu, Mama Neema, ni nesi, na alipangiwa zahanati Lipingo, kule ziwani. Binti yetu Neema anaishi naye. Mimi nilikuwa mtu wa kuwatembelea.

Mwaka huu tukakubaliana. Nihamishie mashine Lipingo, nifanye kazi moja nikiwa kule. Ikitoka vizuri, tunaishi pamoja. Ikishindikana narudi Mbinga, maana mshahara wake peke yake hautoshi na wateja hawana subira.

Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha. Mengine yote ni vyuma tu.

Sasa tuje kwenye prosesa.

Mashine yangu ya zamani ilikuwa inakwama kila nikiunganisha kamera tatu. Nikaamua kununua mpya. Nilisoma mabishano ya kambi ya bluu na kambi nyekundu, zile kampuni mbili za prosesa, mpaka mke akaniuliza kwenye simu kama nimeingia dini mpya.

Mwisho nikabaki na mbili. Moja ni ile ya juu kabisa, core (vile viini vya kufanyia kazi) za kumwaga, haijafungwa, unaipandisha mwendo utakavyo. Nyingine ni mdogo wake: imefungwa, inakula umeme kama nusu, na kwa render, ile kazi ya kutoa video iliyokamilika, inaachwa nyuma kidogo.

Salumu, muuza vifaa wa pale mjini, alinishauri mdogo mtu. "Kaka, hiyo kubwa ni jiko," aliniambia.

Nikamjibu, "Sheikh, mimi nakaa kwenye friji."

Waliofika Mbinga mwezi wa saba wananielewa. Asubuhi unavaa sweta mbili na bado unashikilia kikombe cha chai kwa mikono yote. Nikainunua ile kubwa, nikafungua dirisha, nikaanza kupandisha mwendo kidogo kidogo, napima, napandisha tena. Ilifika 5.6 GHz kwa core zote, na kwenye stress test, jaribio la kuibana kwa nguvu zote, haikutikisika. Nilifurahi sana, nisiseme uongo.

Hapa ndipo udadisi wangu uliponiponza.

Nilikuwa nimesoma kwamba sehemu za juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo. Nikapiga hesabu zangu: Mbinga iko juu, Lipingo iko chini, hewa ya ziwani ni nzito zaidi, basi kule mashine itapoa vizuri kuliko hapa. Mkicheka mna haki, ila hiyo ya hewa ni kweli. Kilichonipita ni kitu kikubwa zaidi, na kilikuwa kimenivalisha sweta.

Nikaifunga mashine kwenye blanketi, nikashuka nayo ziwani.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha mganda, ile ngoma ya wanaume ya huku. Kiongozi wao, Mzee Komba, alitaka video ionyeshwe Jumapili baada ya misa, wageni wakiwepo. Nikairekodi, nikahariri, Alhamisi mchana nikabonyeza render.

Ilizima katikati. Nikawasha, nikarudia, ikazima tena.

Nikaulaumu umeme. Nikaweka UPS, ile betri ya kushikilia umeme, ikazima vilevile. Nikabadilisha thermal paste, ule uji wa kupitisha joto juu ya prosesa, nikasafisha feni, nikachomoa RAM moja moja. Ijumaa mchana Mzee Komba alikuja na wenzake wawili kutazama ilipofikia. Nimemaliza tu kusema "Shikamoo mzee, karibuni", kioo kikawa cheusi mbele yao.

Mzee aliangalia kioo, akaniangalia mimi. "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi. Tuambie tu kama hii kazi tuipeleke Mbinga."

Niliona aibu. Zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu Mama Neema alikuwa mlangoni na amesikia.

Walipoondoka hakunilaumu. Aliuliza swali moja la kinesi: "Baba Neema, hicho chumba chako kina nyuzi ngapi?"

Zahanati wanasoma joto la friji ya chanjo asubuhi na jioni, kwa hiyo kwake ni swali la kawaida. Mimi nilikuwa najua joto la kila core, lakini la chumba sikuwahi kulipima. Tukaweka kipimajoto: nyuzi thelathini na tatu. Mbinga, asubuhi ile nilipokuwa nashangilia, sidhani kama ilifika kumi na tano.

Feni haitengenezi baridi, wakuu. Inaitupia prosesa hewa ya humo humo chumbani. Chumba kikiongezeka nyuzi kumi na nane, na prosesa inaongezeka karibu hizo hizo, na mwendo uliokuwa salama kule juu huku chini unaangusha mfumo.

Nikaingia BIOS, kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, nikafuta kila nilichopandisha. Nikarudisha mwendo wa kiwandani, kisha nikapunguza na kiwango cha wati, yaani umeme ambao prosesa inaruhusiwa kula. Nikabonyeza render, nikakaa pale nimeshika tama.

Ilimaliza bila kuzima. Na tofauti ya muda na ule mwendo wa Mbinga? Kama kuchemsha chai na kuinywa taratibu. Nilikuwa nahatarisha familia yangu kwa ajili ya chai.

Jumapili watu walitazama, wakaomba irudiwe kipande cha wapiga ngoma. Hakuna aliyeuliza GHz. Mzee Komba alinishika mkono, akasema kuna kikundi kingine upande wa Kingerikiti kinatafuta mtu.

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua prosesa, pima joto la chumba itakamokaa, tena mchana, tena mwezi wa joto kuliko yote. Kama kwenu ni joto, mdogo mtu anatosha.

Nisichoelewa bado: kwa nini kushusha wati kwa kiasi kile kumepunguza kasi kidogo sana? Na nyie wa Dar, Tanga na Kyela mnaendesha kwa ngapi, na mnapoza na nini? Mwageni uzoefu, hata wa kunizodoa.

Nina muda wa kusoma yote. Niko Mbinga, nimekaa kwenye chumba kitupu kilichokuwa studio, namsubiri mwenye nyumba aje nimkabidhi funguo.