Pakiti ya Mama Juu ya Meza

Katika kanisa la mama yangu, kule Majengo, aliyepona hutoa ushuhuda, kisha huacha mezani kile alichokitegemea: fimbo, miwani, pakiti ya dawa. Nimeona fimbo ikiachwa, na nimemwona mwenye fimbo akirudi nyumbani kwa kushika kuta.

Mimi ni muuguzi. Kuamini niliacha zamani. Kanisani nilikuwa nikimsindikiza mama tu. Ana ugonjwa wa presha. Nilimweleza mara nyingi: kichwa hakikuumi kwa sababu unameza vidonge, ukiviacha, presha itapanda bila kukuaga. Alinisikiliza. Lakini mchungaji akamwambia kwamba kumeza dawa baada ya kuombewa ni kumtukana Mungu, na Jumapili ile mama alivaa kitenge kipya, akatia pakiti mkobani.

Mchungaji huyo nilimjua. Kila mwezi alikuja kwenye kituo chetu cha afya kwa mlango wa nyuma, nikampima presha, akachukua vidonge vya aina ileile anayomeza mama.

Mama akaweka pakiti mezani. Vigelegele vikapigwa. Nikaenda mbele, nikaichukua.

“Kwani weye ni munganga kupita Mungu?” akanirushia mama mmoja wa kwaya. Watu wakacheka.

“Hapana, mama. Lakini Mungu hajanituma kumuzika mama yangu.”

Kicheko kikakatika. Nikawaeleza polepole, kama ninavyoeleza kituoni: kujisikia vizuri si kupona, ni dawa inayofanya kazi. Mwenye pakiti nyumbani asiiache. Ombeni, lakini mumeze.

Mchungaji akaniinamia sikioni. “Mama munganga, uko unaniharibia kazi.”

“Papa pasta, ile ninayojua nimeifunga kinywani. Usinifungue.”

Akarudi nyuma hatua moja. Siri ya mgonjwa ni siri, hata mgonjwa akiwa mnafiki. Ndiyo maana hapa pia simtaji jina.

Mama alikuwa akitutazama, mmoja baada ya mwingine.

“Pasta,” akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, “weye ukigonjwa, unafanyaka namna gani?”

“Naomba, mama.”

“Na kisha?”

Mchungaji akafungua Biblia, akaanza kutafuta ukurasa. 

Mama akaninyooshea mkono. “Leta pakiti yangu. Na mutu aniletee maji, asubuhi hii sijameza.”