Shimo la Kando ya Majaruba

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka jana, tulifiwa na mbwa. Najua neno hilo ni la watu, lakini sina jingine. Alikuwa analinda mahindi yetu ya Kihurio dhidi ya nyani, na baba alimpenda kuliko alivyokubali kusema.

Alianza na tongotongo na kamasi. Baadaye akawa anatetemeka, anatafuna na mdomoni hana kitu. Daktari wa mifugo alisema si kichaa, ni kirusi kingine cha mbwa, na hakina dawa.

"Akifa mzike, mzee, tena chini sana. Hiki kinaingia kwa mbweha, kwa fisi, mpaka kwa mbwa mwitu wa hifadhini."

Kwetu mbwa hazikwi. Anaburutwa hadi ng'ambo ya korongo, upande wa hifadhi, na kukicha hayupo. Majirani walishatupa mbwa wao huko. Wiki hiyo hiyo mbweha aliingia shambani mchana, anapepesuka, akanipita karibu kama hanioni. Baba alimwona pia. Mbwa wetu alipokufa, alichukua sururu.

Ardhi ilikuwa ngumu, na shamba letu liko kando ya njia ya majaruba ya mpunga. Jirani alisimama, jembe begani.

"Shikamoo mzee. Mchungaji anafika saa ngapi?"

"Marahaba. Yuko njiani."

"Basi nimwambie mama watoto abandike pilau."

Wakacheka wote wawili. Wakaja wengine, wakaulizia sanda. Safari hii baba hakucheka. Shimo lilipomfika magotini akasema linatosha.

"Baba, daktari amesema chini sana."

"Linatosha, mama," akanijibu bila kunitazama. Tukafukia.

Asubuhi tulikuta limefukuliwa. Nyayo za fisi zilikuwa zimetapakaa kwenye udongo, na alama ya kuburuta ilielekea korongoni. Baba aliifuata mpaka kwenye kigingi cha mpaka wa hifadhi, akarudi. Yule fisi sijui alipatwa na nini, sikuwahi kumwona, yeye wala mwingine.

Baba alichukua koleo, akaanza kulifukia shimo lile tupu. Jirani wa jana akapita, akaamkia. Baba akaitikia, akaendelea kufukia kama vile mbwa bado yumo.