Majeruhi Asiye na wa Kupigiwa Simu

Wasee, hii aibu nimeificha sana, sasa mkicheka, mcheke polepole.

Kuna chuo fulani pale mjini hufundisha huduma ya kwanza, na siku ya mazoezi hutafuta watu wa kujifanya wameumia. Nikaenda (Jumamosi bila mtu wa kuongea naye huku mtaani Riruta ni ndefu, wachana nayo). Nikapakwa rangi nyekundu kichwani, nikalazwa chini ukumbini, na mwalimu akatuonya, "Fanyeni kila kitu kama ni kweli, mpaka nipige filimbi."

Mimi na kiherehere changu nikapiga nduru utadhani nimegongwa na lori. Mwanafunzi mmoja, Mwende, akapiga magoti, akanifunga bandeji vizuri, halafu akauliza, "Pole sana, kaka. Nani wako tumpigie?"

Hapo nikakwama. Mama yuko Bungoma na ana presha, huwezi mchezea hivyo. Ningesema tu sina mtu, yaishe, lakini niliona haya, mtu mzima na ndevu zake, basi nikatoa simu nikashuka na majina, fundi wa viatu, muuza gesi, muuza gesi mwingine, mwishowe nikampa jina langu, Wafula, na namba ya Njoroge, keateka anayetunza ploti yetu ya kupanga. Nilijua Mwende hawezi piga. Si ni mazoezi?

Mwende akapiga, tena akaweka spika.

"Tuko na Wafula hapa, ameumia vibaya."

"Wafula gani?"

"Anakaa kwa ploti yako."

"Huku kuna Wafula? Aah, yule wa nyumba ya mwisho! Sasa dada, mimi si mtu wake, tafuta watu wake. Lakini niambie ukweli, atarudi ama nitafute mpangaji mwingine?"

Ghai! Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, hata waliokuwa wamezirai wakaketi wacheke vizuri. Nami nikajaribu kucheka, machozi yakanitoka, na sikuweza kuyazuia, na mwalimu akapiga makofi, "Mnaona? Hivyo ndivyo majeruhi hulia!"

Mwende hakupiga makofi. Aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, bado ni mazoezi?"

Filimbi ilikuwa bado.

Jioni nilipofika nyumbani nikampata Njoroge mlangoni kwangu na mtu mgeni, anamwonyesha sinki kupitia dirisha. Aliponiona hakuona hata haya. "Kumbe umepona," akasema, wakaenda zao.

Juzi chuo wameniita tena. Nimewaambia nitakuja, ila nafasi yangu iwe ya maiti tu. Maiti haulizwi ana nani.