Vitunguu Visivyotaka Maji

Kwenye roshani yangu hapa Al Mansoura, huku Uarabuni, nina makopo ya rangi yaliyojaa mchanga mkavu. Ninaoishi nao hunicheka. "Dada, unafuga jangwa?" Waache wacheke. Chini ya mchanga kuna vitunguu vya maua, na mwezi huu wa Agosti havitaki hata tone la maji. Jambo hilo nililijua kwa uchungu, na walionitia uchungu nitawataja. Majina siandiki. Wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni wakala wa Nairobi aliyeniambia nakuja kufanya kazi ya hoteli. Alinitupa kwenye nyumba iliyofungwa kwa nje, nikalala sakafu ya stoo mpaka nikaugua karibu nife. Nilitoka hai. Hayo siyaelezi hapa. Nyumba ya pili, kule Al Rayyan, hawakunipiga, nami nikaona hapo ni peponi.

Ilikuwa na mama mzee, mama yake madam mwajiri wangu, asiyetembea tena. Uani alikuwa na kitalu cha vitunguu alivyovitoa shambani kwa marehemu mumewe. Majani yake huota wakati wa baridi, joto likianza yananyauka, ukabaki mchanga mtupu. Halafu mwisho wa kiangazi bua linachomoza peke yake, bila jani, na kichwani linafungua maua ya waridi. Mama mzee alikuwa na sheria moja: maji hayaguswi mpaka nyota ya Suhail ionekane alfajiri, ile ambayo wazee wa huku huingojea wajue joto linaanza kuondoka. Kabla ya hapo ardhi ni moto. Ukimwaga maji, unavipika.

Mimi kwetu ni Kakamega, mahali pasipoomba mvua. Kuacha mmea na kiu kuliniuma, lakini nilitii.

Mwaka ule mama yangu alikuwa anapoteza macho. Dada yangu akanipigia: "Anaona kama kivuli sasa. Anasema akuone kabla hayajafunga." Nikamwendea madam. Hakukataa; angekataa, ningejua la kufanya. Alisema, "Ukienda sasa, maua ya mama atayatunza nani? Yakitoka, nakukatia tiketi." Alisema akicheka, huku anapaka rangi kucha. Basi safari yangu ikafungwa kwenye vitunguu.

Agosti familia ikasafiri kukimbia joto, na mama mzee wakaenda naye. Mimi nikaazimwa, ndiyo, kama sufuria, kwa dada yake madam huko The Pearl. Nyumbani akabaki dereva, Mkenya mwenzangu. Nilimwambia, "Kile kitalu usikiguse." Akasema, "Sawa mathe, tulia."

Niliporudi, kitalu kilikuwa cheusi kwa maji na kinanuka kama kabeji iliyooza. Kumbe kila asubuhi alikuwa akimwagilia, mpira mkono huu, simu mkono ule, akimtumia madam video.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Mathe, madam mwenyewe amefurahi. Ona, ameniwekea moyo mwekundu."

"Umevipika!"

"Ah, si ni vitunguu tu? Sokoni viko tele."

"Na macho ya mama yangu yako soko gani?"

Akaangalia chini. "Pole. Lakini usinichome kwa madam. Nami nina watoto."

Nikafukua. Vingi vilikuwa uji. Vilivyobaki na ugumu kidogo nikavifanyia vile mama yangu alivyofanyia mbegu za nduma: unakata palipooza mpaka ufike penye uzima, unapaka majivu, unaanika kivulini. Majivu niliyatoa kwenye chetezo cha ubani cha madam. Kisha nikavirudisha kwenye mchanga mkavu, shingo nje.

Familia iliporudi, mama mzee alitaka kila alfajiri nimsogeze dirishani. "Suhail?" ananiuliza. "Bado, mama." Siku alipoiona alinifinya mkono. "Sasa maji. Kidogo."

Septemba ikaisha, mchanga kimya. Dada akapiga tena: "Leo amemsalimia jirani akidhani ni mimi." Watu hupenda kuniambia eti kitunguu kama hiki ni mimi, nimezikwa nikaota. Hapana. Kitunguu hakina mama anayekingoja.

Madam akaanza. "Maua yako wapi? Uliyatunzaje?"

Nikamtaja dereva, tena yeye amesimama pale pale. Madam akafungua simu yake, akaitazama.

"Yeye alinitumia video. Wewe ulinitumia nini?"

Nikarudi uani kwenye mchanga wangu.

Oktoba inakwisha, bua moja likatoka. Moja. Mama mzee alinifanya nimpeleke uani na kiti chake cha magurudumu akalishike. Madam akaja, akazunguka kitalu. "Moja tu? Mimi nilisema maua."

Mama mzee akapiga mkono wa kiti. "Limetoka. Mkatie tiketi!"

Nilifika Kakamega, nikapiga magoti mbele ya mama. Alinipapasa uso wote, akafika kwenye viganja, akakomea hapo. "Mikono hii imekuwa ya mwanamume," akasema. Macho yalikuwa yamefunga. Dada aliniambia pembeni kwamba Septemba yote alikuwa bado anaona kidogo, akikaa mlangoni penye mwanga.

Septemba, mwezi ambao maua yangetoka kama vitunguu visingepikwa. Wakala, dereva, madam: gawaneni lawama wenyewe.

Mama mzee alikuwa amenipa vitunguu vichache, hivi hivi nilivyorudi navyo huku kwenye makopo, nikavibeba kwenye soksi. Kimoja nikamwekea mama mkononi. Akakibonyeza kwa kidole gumba, polepole, kama anayekagua mbegu.

"Hiki ni kizima. Kinapandwa wapi?"

"Mahali pasipofika maji, mama."

Juu ya bati mvua ilikuwa inapiga. Akageuza uso kuisikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa hapa kwetu, mwanangu, utapapata wapi?"