Msichana wa Elburgon

Ningeweza kukataa kupanda jukwaa la kampeni siku ile. Wazee watatu walinijia hapa kwangu Bahati, wakanywa chai yangu, wakaniambia kwamba binti yangu akichaguliwa mwakilishi wadi, sisi wanaume tutakuwa wageni kwenye mashamba yetu. Walitaka niseme jambo moja tu mbele ya watu: aliolewa Elburgon, kwa hiyo si wa hapa. Sikuombwa mara mbili.

Kabla ya hapo nilimsifu sana. Kwa miaka mingi alizunguka na wajane, kwa chifu na mahakamani, ili mashemeji wasiwafukuze mashambani. Nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ilikuwa rahisi, kwa sababu mashamba yenyewe hayakuwa yangu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi, akaniomba pembe ya shamba ajenge. Nilimwambia angoje. Akakodi chumba sokoni. Kule Elburgon alikuwa ametaka kuingia kamati ya shule, wakwe wakamwambia akagombee kwao alikozaliwa. Ndiyo maana alikuja kugombea hapa.

Siku ya mkutano nilivaa koti langu la harusi. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Huyu ni msichana wa Elburgon. Mahari yake nilishakula." Wanaume walicheka, nami nikajiona msemaji.

Binti yangu alikuwa karibu na jukwaa. Aliwageukia wanawake akauliza ni nani kati yao aliyezaliwa hapa na akapewa shamba hapa. Hakuna aliyeinua mkono. Halafu mama mmoja muuza viazi akasema kutoka nyuma, "Basi tumpigie kura huyo wa Elburgon. Hata mimi ni wa Molo."

Walimpigia. Wazee hadi leo wanasema nilikuwa wakala wake wa siri, na kwamba hakuna aliyemfanyia kampeni nzuri kama mimi. Sina la kubisha.

Ila katika umati ule alikuwemo mke wangu. Jioni hiyo alikunja nguo zake taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda kusalimia jamaa. Nilimuuliza anaenda wapi.

"Baba, mimi ni wa Subukia," alisema. "Kama mtoto niliyekuzalia hapa si wa hapa, mimi nimekuwa nikifanya nini hapa?"

Nilimwambia ile ilikuwa siasa tu. Alifunga mzigo wake akaenda kwa binti yake.

Mwaka jana binti yangu, sasa mheshimiwa, alileta bomba la maji hadi langoni kwangu, kama kwa kila mtu. Alipokuja kulifungua alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Aliponifikia alisema, "Habari yako, mzee," akapita kwa jirani.

Kwa hiyo nina maji, na nina shamba lote, pamoja na ile pembe. Mke wangu na binti yangu wanaishi mwendo wa nusu saa kutoka hapa, wala hawaji. Niliwapoteza wote wawili siku ile, kwa maneno ambayo hata hayakuwa yangu.